Boya la vipimo nje ya mwamba: umeme wa mawimbi unalipa kweli au tunajitafutia hasara?

MtotoWaTongoni:

Wakuu habarini. Naomba mnisaidie maana nimebanwa. Kuna kikundi chetu huku Tanga tunataka kuweka boya la vipimo nje ya mwamba, upande wa mkondo wa Pemba, lipime joto la maji, chumvi, urefu wa mawimbi, na kamera ndogo ipige picha kila baada ya muda, halafu data ziende kwa setilaiti. Ni sensa za kawaida tu (sensa za kupima, sio ile ya kuhesabu watu). Fundi wetu kapiga hesabu vyote vikiwaka na kulala kwa zamu ni wastani wa wati 10 mchana na usiku.

Sasa mwenyekiti kaona klipu ya boya linalojitengenezea umeme kwa kupandishwa na kushushwa na wimbi, basi imekuwa kila kikao ni mawimbi tu. Hoja yake ni kwamba mawimbi hayalipiwi, yapo usiku na mchana, jua lenyewe saa kumi na mbili limeshazama, kwa hiyo kiuchumi mawimbi lazima yashinde sola. Mimi nafsi inakataa ila namba za kumjibu sina, na ni mtu mzima siwezi kumbishia kienyeji mbele za watu. Mwenye uzoefu aniambie, hiki kitu kinalipa au hakilipi?

fundi_nanga:

Mawimbi ni bure kweli, hata maji ya mto ni bure, muulize mama anayeyafuata kilomita tatu na ndoo kichwani.

Twende na namba. Wati 10 kwa saa 24 ni wati-saa 240 kwa siku, kwa mwaka mzima ni kama uniti 88, uniti hizi hizi za LUKU za mita ya nyumbani (uniti moja ni wati-saa 1,000). Nyumbani kwa bei ya kawaida ya 350 hivi ni kama elfu 31. Boya lako linakula kwa mwaka umeme ambao mwenye friji na feni anaumaliza mwezi mmoja tu. Shida inaanza pale uniti hizo 88 zinapotakiwa kuwa baharini.

Njia ya kwanza ni betri za kutupa, zile za lithiamu za volti 3.6 zenye ukubwa wa jiwe la tochi kubwa. Moja inabeba kama wati-saa 68. Kwa mwaka utahitaji karibu 1,300, na tuseme umezipata kwa dola 20 moja, hiyo ni dola 26,000, na uzito wake unapita kilo 100. Yani uniti moja inakwenda kwenye dola 300. Mwenyekiti akisikia hapo atakwambia si unaona, ndiyo maana nasema mawimbi! Na kwa hesabu hiyo peke yake yuko sahihi, baharini umeme ni ghali kiasi kwamba hata mtambo wa ajabu unaweza kuonekana nafuu. Ndiyo maana hawa watu wa nguvu za mawimbi siku hizi wamehamia huku. Kushindana na gridi ya taifa walishindwa, kule Ureno mwaka 2008 waliweka yale majoka ya chuma ya Pelamis matatu, jumla megawati 2.25, hayakumaliza hata miezi mingi yakarudishwa bandarini, na kampuni yenyewe ikafa 2014. Gridi inanunua uniti kwa senti. Boya la katikati ya bahari linanunua kwa mamia ya dola, sasa wewe ungekuwa muuzaji ungempelekea nani bidhaa yako?

Lakini uniti sio gharama kubwa. Gharama kubwa ni chombo cha kwenda huko. Kuna mfano mmoja nauzungumza kila siku. Wamarekani wana safu ya maboya Pasifiki ya ikweta inaitwa TAO, ndiyo inayosaidia kutabiri El Niño, wakati ule maboya kama 70 hivi ukihesabu na ya Wajapani. Mwaka 2012 wakabana bajeti wakaistaafisha meli iliyokuwa inayahudumia, Ka'imimoana. Maboya hayakuibiwa umeme, hayakuisha jua, meli tu ndiyo haikwenda. Kufikia mwanzo wa 2014 data zinazopatikana zilikuwa zimeporomoka hadi kama asilimia 40. Meli kubwa ya utafiti siku moja ni makumi ya maelfu ya dola, iwe imefanya kazi au imekaa inangoja bahari itulie.

Kwa hiyo swali la kumpa mwenyekiti kwa adabu ni hili: chanzo gani cha umeme kitanipeleka baharini mara chache zaidi? Mtambo wa mawimbi una kitu kinachocheza, kina sili, kina beringi, kina kebo inayojikunja mara elfu kumi na kitu kwa siku (wimbi moja kila sekunde 7, piga mwenyewe). Paneli ya sola haichezi. Paneli imekaa tu inaangalia juu.

Kibokoni254:

Kaka wa Tongoni, jibu liko ufuoni hapo hapo. Wavuvi wetu huku Kenya, na nyinyi huko bila shaka, si wanaokotanga vile vidude vya mviringo vimefunikwa paneli nyeusi juu? Hayo ni maboya ya meli kubwa za jodari, zile za nyavu za kuzungusha. Wanayafunga kwenye chelezo wanaziachilia zielee, samaki wanajikusanya chini. Ndani mna ekosaunda inayopima samaki wako wangapi, mna GPS, mna setilaiti ya kumtumia nahodha habari. Yanazurura bahari yote ya Hindi miezi na miezi na yote yanakula sola ile ndogo ya kufunika kifuniko.

Tume ya jodari ya Bahari ya Hindi mwaka 2019 ilibidi iweke kikomo cha maboya 300 kwa meli moja kwa wakati mmoja, sasa jiulize yalikuwa mangapi kabla. Hawa ni watu wa biashara, Mhispania mwenye meli hizo hawezi kukupa dola moja ya bure. Kama wimbi lingekuwa rahisi kuliko sola kwa kidude kama hicho angeshaliweka zamani. Mimi huwa nasema ukitaka kujua teknolojia gani inalipa usiangalie klipu, angalia mwenye meli ananunua nini kwa pesa yake.

Halafu jambo lingine, pole kwa kuuliza, huyo mwenyekiti anajua kisiwa cha Pemba kiko upande gani? Mkondo wa Pemba uko nyuma ya kisiwa. Mawimbi makubwa yanayotoka mbali bahari kuu yanapigwa na Pemba yenyewe. Nyinyi mnabaki na mawimbi ya upepo, kusi ikivuma mnapata, ikifika tanga mbili, pale upepo unapogeuka, bahari inalala kama maji ya beseni.

MtotoWaTongoni:

😂😂 Kisiwa tunakiona kwa macho siku hewa ikiwa safi, lakini kusema kweli hilo la kukingwa hakuna aliyeliwaza hata fundi wetu. Asante mkuu.

Swali dogo kwa fundi_nanga. Mwenyekiti atarudi na hoja ya masika, mwezi wa nne huku mvua inaweza kukaa siku nne tano hujaona jua. Wimbi lipo.

fundi_nanga:

Lipo? Mwezi wa nne kusi ndiyo kwanza inajipanga, mwanzoni mwa masika kuna siku hakuna upepo wa kutikisa bendera. Chukua kanuni ya haraka: urefu wa wimbi kwa mita uzidishe kwa wenyewe, uzidishe kwa sekunde kati ya wimbi na wimbi, ugawe kwa mbili, unapata kilowati kwa kila mita moja ya upana wa bahari. Wimbi la mita 2 la sekunde 8 ni kilowati 16. Wimbi la nusu mita la sekunde 4 ni nusu kilowati. Umeshuka mara 32, na ni bahari ile ile mwaka ule ule.

Sasa mimi sio mshabiki, niseme haki. Hata hiyo nusu kilowati, boya la mita moja likikamata sehemu ya kumi tu ni wati 50, mara tano ya unachotaka. Umeme kwenye maji haujawahi kuwa tatizo. Tatizo ni kwamba mtambo unalipiwa kwa siku mbaya na unaingiza kwa siku za kawaida. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilitua Mafia, mawimbi yakiwa mita 6 badala ya mita moja na nusu nguvu imezidi mara 16 kabla hata hujahesabu sekunde, na siku hiyo mtambo hauuzi uniti mara 16 zaidi, siku hiyo unaomba Mungu mnyororo usikatike. Chuma chote kile, nanga yote ile, umeinunua kwa ajili ya siku mbili kwa mwaka.

Kwa masika: paneli mbili za wati 100. Upande wetu jua kali ni kama saa 5 kwa siku, paneli mbili zingetoa wati-saa 1,000, kata nusu kwa ajili ya kulala bapa, chumvi, na uchafu, zinabaki 500. Unahitaji 240. Halafu weka betri ya kukaa siku 6 bila jua kabisa, hiyo ni kama uniti moja na nusu ya lithiamu ya kuchaji, mbili kwa usalama. Hata siku ya mawingu paneli inatoa kidogo. Hizo paneli unazipata dukani kwa laki na kitu kila moja ukipiga bei vizuri, ikivunjika unabeba nyingine kwenye boti na spana namba 13. Ukivunjikiwa na mtambo wa mawimbi spea yake unaitoa wapi, na nani ataushusha majini, mna krini nyinyi?

Mbwambo_Aberdeen:

Nasoma nacheka ila naona mnamsulubu mwenyekiti kupita kiasi. Mimi niko Scotland mwaka wa tisa sasa kwenye mitambo ya baharini, na huku hiyo kitu sio mzaha. Jamani jua lenyewe la Desemba ukienda Orkney ni saa 6 hivi kwa siku na limekaa chini chini kama taa ya kibatari, paneli utaweka ngapi? Na wakati huo huo wa baridi ndipo mawimbi yanakuja makubwa. Kwenu jua na mahitaji vinakwenda sawa mwaka mzima, huku jua linakukimbia miezi ile unayolihitaji.

Kingine nyinyi mnaongelea wati 10. Huku mtu ana valvu za kisima cha mafuta kilomita kumi na kitu kutoka kwenye jukwaa, ziko chini kwenye sakafu ya bahari, zinataka umeme na mawasiliano. Njia ya kawaida ni kulaza kebo maalumu yenye nyaya na mirija ya mafuta ya haidroli ndani yake, na hiyo kebo kwa kilomita moja bei yake ukiitamka kijijini watu watafikiri umekosea sifuri, halafu kuna meli ya kuilaza. Kwa hiyo kampuni inasema, kama boya la mawimbi litakaa juu ya kisima na kuchaji betri iliyo chini, naokoa kebo yote. Hapo hata uniti ikiwa ghali haimuumi mtu.

Na wamejaribu. Kampuni ya Mocean Energy ina mtambo unaitwa Blue X, wa kilowati 10, ulifanyiwa majaribio Orkney 2021 halafu 2023 ukarudishwa majini kilomita kama 5 mashariki ya Orkney ukaunganishwa na betri ya chini ya maji ya Verlume, ukawa unalisha vifaa vya kuongoza visima na kituo cha roboti ya chini ya maji. Mradi wa kama pauni milioni 2. Ulikaa zaidi ya mwaka. Kuna lile la Wamarekani la Ocean Power Technologies, PB3, kilowati 3 likiwa kwenye kilele, tani 8 hivi, lilikwenda bahari ya Adriatic upande wa Italia kwa kampuni ya mafuta ya Eni 2018, na 2019 likaletwa Bahari ya Kaskazini eneo la Huntington la Premier Oil kufanya kazi ya ulinzi. Hii ya ulinzi ndiyo mniambie. Huku ukiwa na kitu chini ya maji ambacho nyavu zinaweza kukwama, mara nyingi unakodi meli ndogo ikae pale inazunguka, wafanyakazi wanakula, wanalala, wanalipwa, inachoma dizeli, miezi. Ukiweka boya lenye kamera na rada likamwambia mvuvi sogea, umefuta mshahara wa meli nzima. Hapo hesabu ya mawimbi inaanza kueleweka, maana hulinganishi na uniti ya LUKU, unalinganisha na meli na watu wake.

Kibokoni254:

Mbwambo nakupa heshima zako lakini hiyo Blue X uzito gani?

Mbwambo_Aberdeen:

Mita 20 urefu, tani 38.

Kibokoni254:

Tani 38 kwa kilowati 10. Jenereta ya kilowati 10 huku kwetu inabebwa na pikapu na bado kuna nafasi ya mbuzi wawili.

Mbwambo_Aberdeen:

Hahaha haya. Lakini jenereta inataka mtu wa kuijaza dizeli, na huyo mtu anakuja na meli, tumerudi pale pale kwa fundi_nanga. Ila nikubali kitu kimoja: wale wale wa PB3 baadaye walitoa toleo jingine la boya, la kuchanganya, lina paneli za sola juu na injini ya akiba ndani. Kampuni ya mawimbi imeweka sola. Mwenyekiti akiambiwa hilo atahitaji maji ya kunywa.

dada_kipimo:

Shikamooni wakubwa, wengine marahaba. Mimi nafundisha mambo ya bahari, nimechelewa kuingia, ila kuna upande hamjaugusa.

Umeme wa mawimbi kwa vifaa vya baharini sio jambo la juzi. Mjapani Yoshio Masuda, aliyekuwa afisa wa jeshi la majini, alianza kuhangaika na maboya ya taa miaka ya 1940. Boya lina bomba katikati, maji yanapanda na kushuka ndani yake yanasukuma hewa, hewa inazungusha feni ndogo, feni inachaji betri ya taa. Kuanzia 1965 Japani wakaanza kuyatumia rasmi kuongoza meli na yakauzwa kwa mamia. Hii ndiyo biashara ya mawimbi iliyowahi kusimama kwa miguu yake. Halafu bei ya mafuta ikapanda miaka ya 70, serikali zikasema basi tukuze, wakajenga jahazi la chuma la mita 80 linaitwa Kaimei ili litoe umeme wa kupeleka nchi kavu. Likaleta elimu nyingi na umeme ghali sana. Yani kitu kilifaa kwa taa moja ya boya, kikakosa kufaa kwa mji. Kwenye mitambo mingine mkubwa ndiye wa bei rahisi, kwenye huu mdogo ndiye aliyepata soko.

Na kilichokuja kulinyang'anya boya la taa soko lake ni nini? Sola, halafu taa za LED. Taa ya zamani ya balbu ilikuwa inakula makumi ya wati, LED inakula wati chache, paneli kama sinia inatosha. Kwa hiyo MtotoWaTongoni kabla hujabishana chanzo, kaa na fundi wako mpunguze zile wati 10. Kamera na modemu ndivyo vinavyokula, sensa ya joto haili kitu. Ukipiga picha nne kwa siku badala ya kila nusu saa, na ukatuma data kwa mafungu, unaweza kushuka hata wati 3, na hapo mjadala wote wa mwenyekiti unakosa cha kujadiliwa. Wati usiyoitumia haihitaji meli.

Kuna matumizi ya mawimbi nayapenda mimi, ya Wave Glider. Ni kama ubao wa kuteleza juu ya maji, chini yake mita kadhaa umening'iniza fremu yenye mapezi. Wimbi likipandisha ubao, mapezi yanakata maji na kuusukuma mbele, likishusha yanasukuma tena. Hakuna umeme uliotengenezwa hapo, wimbi linasukuma moja kwa moja, na vifaa vya ndani vinakula sola. Novemba 2011 viliondoka San Francisco vinne, kimoja kikafika Australia mwishoni mwa 2012, zaidi ya kilomita 16,000, bila tone la mafuta. Hapo mawimbi yanafanya kazi ambayo sola ingeshindwa, kusukuma chombo mwaka mzima, na sola inafanya kazi ambayo mawimbi yangeifanya kwa gharama. Kila mtu kapewa jembe lake.

Mzee_wa_Dau:

Nyie vijana mmeongea umeme kurasa mbili hamjaongea mvuvi. Boya lolote likikaa nje lina kivuli, lenye kivuli lina samaki, lenye samaki lina mimi. Nitakuja nitafunga dau langu hapo hapo kwenye boya nivue usiku kucha, na kamba yangu itasugua hiyo kebo yenu. Sio ubaya, ndipo samaki walipo. Wengine watakuja na koleo, betri ya chombo ile inawasha taa za dagaa vizuri sana na paneli inakwenda juu ya bati. Wazungu wenyewe maboya yao ya hali ya hewa ya Bahari ya Hindi yameharibiwa na wavuvi mpaka wakayaandikia makala. Mkitaka boya likae, kabla ya kushusha nanga njooni diko, pale tunaposhushia samaki, mkae na wavuvi, mtuambie linapima nini na sisi tutapata nini, hata kama ni meseji tu ya upepo wa kesho asubuhi. Nitalilinda mwenyewe.

fundi_nanga:

Mzee umemaliza. Na hiyo meseji ya upepo ni bei ndogo kuliko mnyororo mpya.

MtotoWaTongoni:

Jamani shukrani sana, nimechapisha mjadala wote nikampelekea mwenyekiti nyumbani maana mbele za watu isingefaa. Kasoma kimya, kwenye tani 38 akaguna, kwenye ile ya kisiwa kuwa upande gani akanitazama. Mwisho kasema sawa, sola, ila boya liitwe Wimbi. Tumekubali.

Fundi kashaanza kukata matumizi, tumefika wati 4 na nusu, modemu ndiyo inabisha. Na Jumamosi tunakwenda diko la Mzee_wa_Dau au la jirani yake, tutabeba kahawa.

Limebaki moja. Kwenye maboya ya taa ya bandari naona ndege wamekaa juu na paneli imekuwa nyeupe yote kwa kinyesi. Hilo mnalizuiaje?

fundi_nanga:

Paneli usizilaze, zisimamishe zizunguke boya pande nne kama kanga iliyofungwa, utapoteza sehemu kubwa ya jua la saa sita lakini ndege hana pa kukaa na mvua inaosha. Juu kabisa kwenye mlingoti weka zile tai za plastiki za kufungia nyaya, zile ndefu, mikia yake iache imesimama kama nungunungu. Bei yake buku mbili pakiti nzima. Ukirudi baada ya miezi sita utuambie nani kashinda.

Kibokoni254:

Ndege atashinda. Lakini jaribuni.